Kodi Juu ya Kodi

Kuna kodi moja ambayo haijawahi kusomwa bungeni. Haimo katika mswada wowote wa fedha, hakuna aliyeandamana kuipinga, na wenye mamlaka ya kukusanya ushuru hawaijui. Inalipwa kwa dakika na kwa bando. Unailipa ukiwa umeketi kuandika programu, unajua kabisa unachotaka mashine ifanye, lakini inabidi ufungue maelezo ya lugha kwa mara ya mia kwa sababu aliyeyatoa majina yake hakufuata utaratibu. Hapa Nairobi, wanaoandika programu huyaita maandishi yao kodi. Basi hii ni kodi juu ya kodi.

Naandika kwa sababu nimechoka kuambiwa ni jambo dogo. Ati ni majina tu. Ati mtu wa kazi huzoea. Ati kama huwezi kukariri, nenda ukauze mitumba. Wanaosema hivyo mara nyingi ni watu waliozoea zamani, kwa mishahara mizuri, wakiwa na mwenzao kwenye meza ya pili wa kumuuliza. Lakini kodi hii haitozwi sawa kwa wote. Mwenye kulipa zaidi ni yule anayejifunza peke yake, usiku, kwa lugha ambayo ni ya tatu kichwani mwake, na ambaye kila ukurasa anaoufungua kutafuta jibu unakula bando alilonunua kwa pesa ya chakula cha mchana.

Nitaishika lugha moja tusije tukagombana hewani. Lugha yenyewe ni PHP. Rasmus Lerdorf aliitoa kwa umma Juni 1995, ikiwa ni vifaa vidogo alivyojitengenezea kuendesha ukurasa wake binafsi. Leo Wikipedia yote, ile ya Kiswahili ikiwemo, inaendeshwa kwa PHP. WordPress ni PHP. Moodle, mfumo ambao vyuo vingi hutumia kuweka masomo mtandaoni, ni PHP. Ukiona tovuti ya shule, ya kanisa, au ya nyumba ya wageni kule Diani, kuna uwezekano mzuri kwamba chini ya rangi kuna PHP. Kwa hiyo simsemi mtu mdogo. Namsema mzee wa kijiji aliyelisha wengi, nami ni mmoja wa waliokula kwake.

Sasa tazama majina. Ukitaka kujua urefu wa maandishi, fanksheni inaitwa strlen. Ukitaka kuyageuza kinyumenyume, strrev. Ukitaka herufi zote ziwe ndogo, strtolower. Unaona mtindo: str, kisha kitendo, vyote vimeshikana. Vizuri. Ukitaka kubadilisha neno kwa neno, ni str_replace. Kurudia, str_repeat. Kujazia nafasi, str_pad. Ghafla kuna kistari cha chini. Kimetoka wapi? Hakuna kanuni. Kuuliza aina ya kitu ni gettype, bila kistari. Kuuliza klasi yake ni get_class, pamoja na kistari. Toleo la lugha ni phpversion, habari za mashine ni php_uname. Kusimba anwani ya wavuti ni urlencode, kusimba kwa base64 ni base64_encode. Kuna htmlentities, na dada yake anayefumbua alichofumba anaitwa html_entity_decode, kana kwamba hawakuzaliwa nyumba moja.

Halafu kuna tarakimu. Fanksheni inayogeuza mistari kuwa alama ya HTML ni nl2br. Ya kutoka namba za mashine kwenda mfumo wa 16 ni bin2hex. Hiyo 2 haihesabu chochote. Ni mzaha wa masikio: kwa Kiingereza, neno la mbili na neno la "kwenda" husikika sawa. Mtu anayefikiri kwa Kiswahili akiona 2 hutafuta vitu viwili. Na mzaha wenyewe haufuatwi kila mara, maana strtolower na strtotime zimeandika neno kwa herufi.

Nimefundisha PHP jioni, katika chumba kilichoko juu ya duka la dawa, kwa watu wanaotoka kazini. Huwa nawapa zoezi moja. Nawaonyesha strlen, strrev na strtolower, kisha nauliza: je, ile ya kurudia maandishi mara kadhaa itaitwaje? Walio makini hujibu strrepeat. Wamekosa. Waliokaa tu wakingoja niandike ubaoni wakariri, hao hawakukosa kitu. Nimeona hilo mara nyingi, na ndilo linalonikera kuliko yote. Mwanafunzi aliyefikiri, aliyeona mifano mitatu na kujitolea kanuni, ndiye anayeadhibiwa. Lugha inamfundisha kwamba kufikiri hakulipi, kukariri ndiko kunakolipa. Sisi tunaijua shule ya namna hiyo. Tumetumia miaka na mitaala kujaribu kuikimbia.

Tuje kwenye mpangilio wa vigezo, ambako mambo yanaacha kuwa ya kuudhi yanakuwa ya hatari. Maelezo ya PHP yanatumia picha ya sindano na rundo la nyasi kavu, msemo wa Kiingereza wa kutafuta kitu kidogo ndani ya kitu kikubwa. Katika strpos, unatanguliza rundo, kisha sindano. Katika in_array, unatanguliza sindano, kisha rundo. Wakongwe watakupa kanuni ya kukariri: kwenye maandishi rundo hutangulia, kwenye orodha sindano hutangulia. Sawa, tumeshukuru. Mara str_replace inakuja, ambayo ni ya maandishi, na sindano imekaa mbele. Kanuni imekufa kabla chai haijapoa. Na ndugu wawili array_map na array_filter? Wa kwanza anataka fanksheni halafu orodha. Wa pili anataka orodha halafu fanksheni.

Ukikosea mpangilio wa strpos, mashine haikuambii kitu. Rundo ni maandishi, sindano ni maandishi, yote halali. Itatafuta sentensi nzima ndani ya neno moja, itaikosa, na itakujibu kwa adabu kwamba hakuna. Programu inaendelea. Hitilafu inalala humo kama kupe.

Haya yote yana historia, na historia sharti isemwe kwa haki. Lerdorf hakukusudia kujenga mji; alikuwa anajenga kibanda chake. Mengi ya majina aliyarithi kutoka lugha ya C, na C nayo ilikuwa na sababu zake. Kiwango cha C cha mwaka 1989 kiliahidi kutofautisha herufi 6 tu za mwanzo katika majina yanayotoka nje ya faili, kwa sababu mashine na zana za wakati huo zilikuwa na kifua chembamba. Hesabu herufi za strlen. Hesabu za strcpy na strcmp. Ni 6, 6, 6. Na Lerdorf mwenyewe, katika barua aliyowaandikia wenzake mwaka 2013, alieleza kwamba siku za mwanzo kabisa jedwali la fanksheni lilipangwa kwa urefu wa majina, kwa hiyo baadhi ya majina yalipewa urefu tofautitofauti ili yagawanyike vyema ndani ya jedwali. Yaani jina halikuchaguliwa limfae anayelisoma. Lilichaguliwa liifae droo.

Namwelewa. Mtu aliye peke yake na kazi yake hufanya linalowezekana usiku huo. Ninaokataa kuwaelewa ni waliokuja baadaye, droo ilipokwisha kutupwa, wakaendelea kutetea majina kana kwamba ni wosia. Wahenga walisema kawaida ni kama sheria. Walisema "kama", hawakusema ndiyo sheria.

Wala ugonjwa huu si wa PHP peke yake. Katika Unix kuna wito wa kuunda faili unaoitwa creat, bila ile e ya mwisho. Ken Thompson, mmoja wa waasisi wa Unix, alipoulizwa angebadilisha nini kama angeianza upya, alijibu kwamba angeiongezea creat hiyo e. Watu hucheka wakisimuliwa. Mimi naona mzee aliyejenga moja ya kazi kubwa za karne yake, na alipopewa nafasi ya kujuta akataja herufi moja. Kwenye mtandao, vivinjari hutaja ukurasa uliokuleta kwa neno Referer. Kwa Kiingereza sahihi lina r moja zaidi. Kosa la tahajia liliingia katika waraka rasmi wa HTTP wa mwaka 1996 na limebaki hadi leo. Kila mwandishi wa programu duniani, anayejua tahajia na asiyeijua, analazimika kukosea vilevile.

Sasa nijibu watetezi, maana najua wanangoja.

Wa kwanza anasema: kihariri kitakukamilishia jina. Kitanikamilishia kama najua linavyoanza. Na kinaweza kunikamilishia jina la kitu nisichokitaka kwa haraka ileile. Lakini hata tukikubali, kihariri humsaidia anayeandika. Programu huandikwa mara moja na kusomwa mara nyingi, na anayesoma kazi ya mtu aliyekwisha kuacha kazi na kuhamia Doha hana cha kukamilishiwa. Ana macho yake na majina yaliyo mbele yake.

Wa pili anasema: lugha za watu nazo zimejaa mikengeuko, mbona tunaziongea? Huyu ndiye ninayempenda, kwa sababu amekuja kwangu na hoja ambayo Kiswahili kinaijibu vizuri. Chukua ngeli. Mtoto akijua kiti kimevunjika, atasema kikombe kimevunjika bila kufundishwa. Kiti viti, kikombe vikombe. Neno kitabu lilitujia kutoka Kiarabu, na huko ki- haikuwa kiambishi cha kitu chochote. Ilikuwa sehemu ya mzizi. Kiswahili kikaliangalia, kikasema wewe una sura ya KI-VI, ingia, na wingi wako ni vitabu. Waingereza wakaleta alama ya kuwaambia madereva wakae kushoto kwenye mzunguko wa barabara; watu wakaipokea ikawa kipilefti, na wingi ni vipilefti. Kanuni imemeza mgeni na mgeni amepata uraia. Utaniambia, kijana anakuja, si kinakuja. Naam, lakini hata huo mkengeuko una kanuni: chenye uhai hufuata A-WA. Ukishaijua, kipofu, kiongozi na kifaru wote umewamaliza kwa pigo moja.

Na kabla hujaniita mwalimu wa sanifu mwenye kiboko, nisikilize. Nimelelewa Nairobi. Huku kwetu watu husema kitu imeharibika, kiti imevunjika, kitabu imepotea. Walimu hulia. Lakini hebu lisikilize kwa makini: kila kitu kisicho na uhai kimepelekwa upande mmoja. Hiyo nayo ni kanuni, tena yenye kufuatwa kuliko zile za PHP. Mtu wa Bungoma akishuka Country Bus leo, baada ya wiki moja ataikisia na hatakosea. Kwa hiyo simtetei sanifu dhidi ya mtaa. Natetea uwezo wa kukisia. Lugha yoyote inayokaa na watu, iwe ya Lamu au ya Eastlands, humpa mgeni uwezo huo. Na bado anapokosea, binadamu anayemsikiliza humwelewa na humrekebisha. Mashine haina masikio ya huruma. Kwa hiyo lugha ya mashine inahitaji utaratibu zaidi ya lugha ya watu. Kudai kwamba inaweza kujiachia kwa sababu lugha ya watu hujiachia ni kuipindua hoja miguu juu.

Wa tatu ana hoja nzito, nami simdharau. Anasema: majina yakibadilishwa, kazi za zamani zitavunjika. Ni kweli. Jina likishatoka nje si lako tena. Python ilijaribu kusafisha nyumba yake kwa toleo la 3, Desemba 2008. Ilirekebisha mengi, na miongoni mwa hayo majina ya maktaba zake: Queue ikawa queue, ConfigParser ikawa configparser. Ilichukua hadi Januari 1, 2020 kwa toleo la 2 kuachwa rasmi. Miaka 11 watu walibeba nyumba mbili kichwani. Mwaka 2018, waliokuwa wakiiongezea JavaScript fanksheni ya kulainisha orodha zilizomo ndani ya orodha walitaka kuiita flatten. Wakagundua kuwa maktaba ya kale iitwayo MooTools ilikwisha kulitumia jina hilo kwa namna ambayo ingevunja tovuti za zamani. Ikabidi iitwe flat. Kwa hiyo, ndiyo, majina yana mizizi, na kung'oa mti mkubwa hubomoa ukuta.

Lakini angalia hoja hiyo inavyotumiwa. Inatumiwa kumaanisha kwamba hakuna la kufanya. Na PHP yenyewe inatoa ushahidi kwamba hilo si kweli. Kwa miaka mingi lugha hii imekuwa na majina mawili kwa kazi moja: join ni implode, sizeof ni count, chop ni rtrim, na is_int imekuwa pia is_integer na is_long. Nani aliumia? Kama kulikuwa na nafasi ya chop kando ya rtrim, nafasi ya str_length kando ya strlen ilikosekanaje? Jina la zamani lingebaki kwa wazee, jipya lingefundishwa watoto, na baada ya kizazi kimoja la zamani lingepumzishwa kwa heshima.

Na inapotaka, PHP huthubutu hata kuvunja. Kundi zima la fanksheni za mysql liliondolewa katika toleo la 7 mwaka 2015, na mafunzo mengi tuliyoyasoma kwenye saiba yakageuka magazeti ya kufungia nyama. Fanksheni implode ilikuwa ikikubali vigezo vyake kwa mpangilio wowote. Toleo la 7.4 likaonya kuhusu mpangilio wa zamani na toleo la 8.0 likaukataa. Na katika toleo hilohilo la 8.0, Novemba 2020, zilikuja str_contains, str_starts_with na str_ends_with. Zote zina kistari. Zote rundo mbele, sindano nyuma. Ukishaijua moja umezijua tatu. Ni nzuri, bana. Lakini hesabu miaka: 1995 hadi 2020. Miaka 25 ilipita kabla ya kupata njia ya kuuliza, kwa jina linaloeleweka, kama neno fulani limo ndani ya sentensi.

Toleo hilo lilileta pia uwezo wa kutaja vigezo kwa majina badala ya mpangilio. Kabla ya kulitoa, watunzaji wakapitia majina ya vigezo vya fanksheni za lugha na kuyaweka sawa, kwa sababu walijua kwamba kuanzia siku ile majina hayo yangekuwa mkataba. Kumbe wanajua. Walijua siku zote kwamba jina ni mkataba. Walichokosa ni nia ya kuutazama mkataba wa zamani kwa macho hayohayo.

Kuna jina moja katika PHP ambalo limechekwa kuliko yote: T_PAAMAYIM_NEKUDOTAYIM. Ni Kiebrania, maana yake nukta pacha mara mbili, yaani alama hii ::. Waliojenga moyo wa PHP 3 na zile zilizofuata, Andi Gutmans na Zeev Suraski, walikuwa Waisraeli, wakaacha jina la kwao humo. Kwa miaka mingi mtu alipokosea mahali fulani, ujumbe wa kosa ulimtajia jina hilo, naye akabaki ameduwaa. Wazungumzaji wa Kiingereza walilalamika sana. Mashine inawaambia neno lisilofanana na lolote walilowahi kusikia, wafanyeje?

Mimi nilipolisoma mara ya kwanza sikuona ajabu. Kwangu, strrev na Paamayim Nekudotayim zimekaa kijiji kimoja: sauti za watu wengine nilizopaswa kuzimeza. Tofauti ni kwamba kwa dakika moja, katika ujumbe mmoja wa kosa, mwenye Kiingereza alionja chakula tunachokula sisi kila siku. Wengi hawakujiuliza swali lililofuata. Kama jina moja la kigeni linaudhi hivyo, je, mgeni wa lugha nzima anasimama wapi? Anasimama juu ya utaratibu. Hana kingine. Mwenye lugha anaweza kuvumilia fujo kwa sababu maneno yenyewe yanamnong'oneza maana. Mgeni hanong'onezwi. Akipewa kanuni moja inayofuatwa, anaweza kusafiri nayo lugha nzima. Akinyimwa, kila fanksheni ni mpaka mpya wenye askari wake na muhuri wake.

Nisingependa tumalizie kwa kuwanyooshea vidole walio mbali. Miaka michache iliyopita niliitwa kukagua mfumo wa malipo wa chama kimoja cha wakulima wa maziwa. Wanachama wapya hawakuwa wakionekana kwenye orodha ya malipo. Maziwa yao yalipokelewa, yakapimwa, yakaandikwa, lakini mwisho wa mwezi jina halimo. Mama mmoja alikuwa ameleta maziwa kila asubuhi kwa wiki nne na akaambiwa mashine haimjui. Tulichokikuta ni hiki. Mtengenezaji wa kwanza aliweka safu iitwayo namba. Wa pili, aliyeongeza fomu mpya ya usajili, akaunda safu nyingine, akaiita nambari. Maneno yote mawili ni Kiswahili halali. Dar wanapenda la kwanza, shule zetu zinapenda la pili. Fomu ilijaza nambari. Malipo yalisoma namba. Kati ya herufi mbili, pesa ya mama yule ilipotea njia. Hakuna aliyeiba na hakuna aliyekuwa mjinga. Hapakuwa na mtu aliyesema: katika nyumba hii, kitu hiki kinaitwa hivi.

Sasa njoo uniambie ni majina tu.

Na tuna tatizo lilelile juu zaidi, katika Kiswahili cha teknolojia chenyewe. Chombo ninachoandikia ni kompyuta, ni tarakilishi, ni ngamizi, inategemea umefungua kitabu kipi. Cha kupakata ni kipakatalishi kwa mmoja na laptopu kwa mwingine. Neno la siri ni nywila pia. Intaneti ni mtandao, ni wavuti, ni mdahalishi. Kila msomi ana lake, kila kamusi ina lake, na mtoto wa darasa la saba anapojibu kompyuta pale ambapo mtahini alitaka tarakilishi, anapoteza alama. Tunawacheka PHP kwa strlen na str_pad huku sisi tukimtesa mtoto kwa makabila matatu ya jina moja.

Hapo nitaonya, maana historia yetu ina funzo. Mwaka 1930 iliundwa kamati ya kusanifisha Kiswahili kwa makoloni ya Waingereza, na msingi uliochukuliwa ni Kiunguja. Kimvita, lugha ya Muyaka bin Haji na ya hazina kubwa ya ushairi wa Mombasa, ikawekwa kando kama lahaja. Utaratibu tuliupata, lakini uliamuliwa na watu ambao hawakuwa wenye lugha, na wako Mombasa ambao hadi leo hawajasamehe. Kwa hiyo sidai amri kutoka juu. Utaratibu mzuri hujengwa hadharani, na watumiaji wakiwemo mezani, na la zamani hupewa muda wa kuaga.

Ninachodai kinawezekana, na hakihitaji mfadhili. Watunzaji wa PHP, na wa kila lugha iliyokua bila mpango, waweke majina yenye utaratibu kando ya yale ya zamani, wayafundishe hayo mapya katika maelezo rasmi, na waache kutuambia haiwezekani ilhali wamekwisha kufanya mara kadhaa. Walimu wa programu waache kusifu kukariri. Na wewe unayeandika mfumo wa chama, wa zahanati, wa shule ya mtaani kwenu, kaa na wenzako saa moja kabla ya kuanza. Andikeni kwenye karatasi moja: tutatumia Kiswahili au Kiingereza, kistari au herufi kubwa, umoja au wingi, namba au nambari. Ibandikeni ukutani. Atakayekuja baada yenu, ambaye hamtamjua na ambaye hatakuwa na namba yenu ya simu, ataisoma kazi yenu na kukisia jina la fanksheni ambayo hajaiona. Akikisia akapata, atajua kwamba kuna mtu aliyemfikiria. Akikosa, wakulima watangoja malipo.

Usipoziba ufa utajenga ukuta. PHP ina ukuta wa kujenga, na kwa umri wake, hilo ni lake. Sisi wengi wetu bado tuko kwenye ufa.